Maua ya msimu kwa anayeanza: zinia, marigodi na wenzake, kuanzia mbegu mpaka mbegu

Kama umewahi kuotesha mchicha nyuma ya nyumba ukauchuma ukala, basi maua ya msimu unayaweza, usikubali mtu akutishe. Maua ya msimu ni yale yanayoota, yanakua, yanachanua, yanatoa mbegu na kufa, vyote ndani ya miezi michache, sio kama bogenvilia ambayo ukiipanda leo wajukuu watakuja kuikuta. Wengi mjini wanaanzia kwa wauza maua wa barabarani, mtu ananunua mche umeshachanua vizuri, anaupeleka sebuleni kwenye kona yenye giza, baada ya wiki tatu umekufa, anaishia kusema mi sina mkono wa maua. Mkono hauna shida yoyote. Mmea ulikosa jua, halafu ulikuwa umeshamaliza nusu ya maisha yake siku unaununua. Ukianza na mbegu unapata maisha yote, tena kwa bei ya mche mmoja wa barabarani unapata pakti ya mbegu za kujaza kitalu kizima.

Sasa uanze na yapi? Mimi ningekwambia zinia, halafu zinia, halafu ndo tuongee mengine. Mbegu yake ni kubwa unaishika kwa vidole, inaota ndani ya siku 4 mpaka 7, inapenda joto na jua kali, na kwenye siku 60 hivi unaona ua la kwanza, nyekundu, njano, pinki, chungwa, nyeupe, zote humo humo kwenye pakti moja. Ya pili marigodi. Hii iko ya aina mbili madukani, kuna ile ndefu yenye ua kama mpira, ndo ile Wahindi wanatunga mashada ya hekaluni na ya Diwali, na kuna fupi yenye maua madogo mengi ya rangi ya chungwa na damu ya mzee. Ile ndefu wazungu wanaiita ya Afrika lakini asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, na bangi mwitu ile inayosumbua mashambani ni ndugu yake kabisa, nusa majani ya zote mbili utajua mwenyewe. Ya tatu kosmosi kama una kipande cha ardhi kibovu ambacho hakuna kitu kinataka kukaa, maana hiyo ukiipa udongo mtamu sana inajaza majani inasahau kuchanua.

Selosia nayo nzuri, ile yenye ua kama upanga wa jogoo au kama moto wa mshumaa, na hii ni ukoo mmoja na mchicha kweli kweli, hata mbegu zake ni vile vile vidogo vyeusi vinavyong'aa. Alizeti za mapambo kila mtu anaziweza. Na kama uko karibu na bahari, upepo una chumvi na chini mchanga mtupu, weka vinka, asili yake Madagaska, ukiipanda mara moja itajiotesha yenyewe mpaka kwenye nyufa za sementi, ila ina sumu ikiliwa kwa hiyo wenye watoto wanaoweka kila kitu mdomoni na wenye mbuzi waangalie.

Petunia, pansi na lobelia ziacheni kwanza watu wa Dar, Tanga na Mombasa. Zinapenda baridi. Walioko Lushoto, Njombe, Mbeya, Arusha, Limuru huko wazipande wafurahi, sisi wa joto tutapoteza hela tu.

Kitu ambacho kinawapoteza wanaoanza kuliko kingine chochote ni kalenda. Unanunua pakti imetoka Ulaya nyuma imeandikwa panda mwezi wa nne au wa tano baada ya barafu kuisha, we unafuata, unapanda Dar katikati ya masika, mvua inakuja usiku mmoja inapiga kitalu chote inapeleka mbegu kwa jirani. Hiyo kalenda ni ya wao na baridi yao. Na kinachochekesha ni kwamba huko Arusha kuna wakulima wanalima maua ya mbegu kwa mkataba, mbegu zinasafirishwa Ulaya, kwa hiyo pakti yenye maelekezo ya barafu inaweza kabisa kuwa na mbegu iliyokomaa chini ya mlima Meru. Kalenda yetu ni mvua. Pwani ya Tanzania na Kenya masika ni Machi mpaka Mei na vuli ni Oktoba mpaka Desemba, na ukiniuliza mimi wakati mzuri kuliko wote wa kumwaga mbegu pwani ni masika yanapoisha, mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, maana miche inakua ardhi bado ina unyevu na maua yanafunguka kwenye kipupwe, Julai na Agosti, jua lipo ila haliui, na mvua kubwa za kuozesha maua hazipo. Awamu ya pili anza Septemba kwenye trei ili vuli ikifika miche iwe imeshashika. Januari na Februari usianzishe kitu kama huna muda wa kumwagilia asubuhi na jioni. Wale wa Mbeya, Iringa, Songea mna mvua moja ndefu ya kuanzia Novemba mpaka Aprili, nyie oteshea barazani mwezi wa pili na wa tatu muhamishie nje mvua zikianza kupungua.

Mahali pa kupanda: tafuta sehemu inayopigwa na jua angalau masaa 6. Usikisie. Toka saa tatu asubuhi, toka tena saa sita, toka saa tisa, uone kivuli cha ukuta na cha mwembe kinapita wapi, maana nyumba zetu nyingi zimezungushiwa fensi ndefu na ile sehemu unayoiona ina mwanga unaweza kukuta inapata jua masaa mawili tu.

Udongo wa Dar ni mchanga, maji yanapita kama hayakuwepo, kwa hiyo dawa yake ni samadi, ila iwe imeoza mpaka haina harufu na huwezi kutambua ilikuwa kinyesi cha nini. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, iache miezi kadhaa kwanza. Changanya koleo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi, moja ya mchanga, na huo mchanganyiko unatosha kwa ndoo na kwa kitalu. Kama udongo wako ni ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, wa Nairobi mnaujua, mchanga peke yake hautausaidia sana, ongeza samadi na maganda ya mpunga na uinue tuta ili maji yasituame.

Huna ardhi? Ndoo za rangi zilizooshwa vizuri, dumu la lita 20 lililokatwa katikati, kiroba, beseni lililopasuka, vyote vinafaa bora viwe na matundu chini. Pasha msumari kwenye jiko la mkaa utoboe matundu matano au sita. Zinia fupi na marigodi fupi zinakaa vizuri kwenye ndoo ya lita 10, miche miwili mpaka mitatu, sio kumi. Najua inauma kung'oa miche iliyoota yenyewe lakini ukiiacha yote inabanana, inarefuka kama mlingoti, halafu inalala.

Haya, kuotesha. Zinia, kosmosi na alizeti mi naziweka moja kwa moja pale pale zitakapokaa, hazipendi kuhamishwa hamishwa. Unachora mfereji kwa kidole, kina kisizidi sentimita moja, unaweka mbegu umbali wa kiganja, unafukia kwa udongo laini unagandamiza kidogo kwa kiganja ili mbegu ikamatane na udongo. Kanuni ya kina ni rahisi, fukia mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Ndo maana selosia huifukii kabisa, unainyunyiza juu na kuipitishia vumbi la udongo tu, na hapo angalia sisimizi, wanaweza kuzibeba moja moja wakamaliza kitalu we umekaa ndani unasubiri ziote.

Marigodi na selosia anzia kwenye trei ya mayai ile ya karatasi au kwenye viriba. Jaza udongo uliochekechwa, mwagilia KWANZA, ndo uweke mbegu. Watu wanaweka mbegu halafu wanamwaga maji kwa kopo, mbegu zote zinakimbilia kona moja. Na kumwagilia kwenyewe, chukua chupa ya maji ya kunywa, toboa kifuniko kwa sindano matundu kama kumi na tano, ukiibinya inatoa mvua nyembamba kabisa, hicho ndo chombo chako mpaka miche ifike urefu wa kidole. Trei iwe kwenye kivuli chepesi, na mara tu unapoona vijani viwili vya kwanza isogeze kwenye jua la asubuhi siku hiyo hiyo. Ikichelewa kivulini inarefuka shingo.

Ukiona miche midogo imelala asubuhi, shina limenywea pale linapogusana na udongo kama limebanwa na uzi, hiyo ni kinyausi. Ni fangasi, na inakuja kwa sababu ya maji mengi na kubanana. Iliyolala haifufuki, itoe na udongo wake, acha kumwagilia jioni, mwagilia asubuhi tu, punguza miche upepo upite, na safari nyingine usitumie udongo ule ule.

Kuhamisha unahamisha mche ukiwa na majani manne ya kweli, vile viwili vya kwanza havihesabiki. Fanya jioni saa kumi na moja hivi au siku ya mawingu. Shika jani, usishike shina, jani likikatika litaota lingine ila shina likivunjika mche umekwisha. Nafasi, hata kwa zile ulizootesha pale pale ukishazipunguza: marigodi fupi sentimita 20, zinia na marigodi ndefu 30, kosmosi 30 mpaka 40. Siku mbili tatu za mwanzo mchana itaonekana imenywea kama inakufa, iwekee kivuli cha tawi la mnazi au boksi usiku ifunue, itasimama.

Sasa tunakuja kwenye jambo ambalo watu hawalifanyi kwa sababu ya huruma, na ndo linatofautisha ua la kupiga picha na ua la kusikitikia. Kukata ncha. Zinia ikifika urefu wa kama sentimita 20 hadi 25, ina jozi nne za majani, hesabu jozi tatu kuanzia chini, kata pale juu ya ile ya tatu kwa mkasi au ubinye kwa kucha. Ndiyo, unakata kichwa, hata kama kitumba cha ua kimeshaanza. Angalia kwenye kila kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina, kuna kijichipukizi kimelala kina ukubwa wa punje ya ulezi. Kile kichwa cha juu kilikuwa kinavizuia hivyo visikue. Ukikiondoa, ndani ya wiki moja vinaamka vyote, badala ya shina moja na ua moja unapata mashina manne mpaka sita, na kila moja baadaye litagawanyika tena. Marigodi nayo hivyo hivyo ikiwa na sentimita 15. Alizeti ya shina moja usikate, hiyo ukikata umeikata, na selosia ya jogoo pia iache kama unataka kile kichwa kikubwa.

Na huku kwetu karibu na ikweta kuna sababu ya ziada ya kukata. Marigodi ndefu, kosmosi na zinia zinaharakisha kuchanua siku zikiwa fupi, na huku mwaka mzima mchana ni karibu masaa 12, kwa hiyo mmea unaweza kuweka ua ukiwa bado mdogo kabisa, wenyewe unaona umeshafika. Ukikata ua hilo la kwanza unaulazimisha ujenge mwili kwanza.

Maji: mwagilia chini kwenye udongo, sio juu ya majani, na mwagilia kwa kushiba. Chovya kidole mpaka kifundo cha pili, pakiwa pakavu mwagilia, pakiwa na unyevu ondoka. Ndoo zinakauka haraka kuliko ardhi, kwenye jua la pwani zinataka kila siku. Ukitandaza majani makavu au nyasi juu ya udongo utapunguza kazi karibu nusu, ila acha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze.

Mbolea usiwe na papara. Watu wanasikia urea inakuza, wanaweka, mmea unakuwa mrefu wa kijani kibichi cha kupendeza hauna hata ua moja, kwa sababu urea ni naitrojeni tupu na naitrojeni ni chakula cha majani. Kama samadi ilikuwa nzuri mwanzoni inatosha mpaka vitumba vianze, hapo unaweza kuongeza NPK ya 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10, mbali na shina, na umwagilie papo hapo. Au fanya mbolea ya maji, samadi kwenye kiroba unaizamisha kwenye ndoo ya maji wiki mbili, ile juisi unaizimua mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea, kila baada ya siku 14. Inanuka. Majirani watauliza.

Wadudu. Asubuhi ukikuta mche umekatwa chini kama kwa wembe na umelala pembeni, fukua sentimita mbili tatu hapo hapo utamkuta sota amejikunja, muue, na miche iliyobaki ivalishe pete ya karatasi ngumu shinani. Konokono wale wakubwa wa pwani unawaokota na tochi usiku, mvua ikinyesha ndo wengi zaidi. Wadudu mafuta wakijaza kwenye vichipukizi waoshe kwa maji ya nguvu kwanza, wakirudi pulizia maji ya sabuni, kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo kwa lita moja, jioni, au maji ya mwarobaini. Unga mweupe kwenye majani ya zinia ni ubwiri unga, karibu kila zinia inaupata uzeeni, toa majani ya chini yaliyoathirika, hewa ipite, usihangaike sana. Mdudu mbaya kuliko wote ni kuku wa jirani. Anachakura kitalu kizima ndani ya dakika tano, na dawa yake ni chandarua chakavu kimefunikwa juu ya vijiti mpaka miche iwe mikubwa, diplomasia na jirani haijawahi kufukuza kuku.

Halafu kuna hii habari ya kwamba ukipanda marigodi mbili pembeni ya nyanya basi minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayotia mizizi vinundu, imekwisha. Marigodi fupi inapunguza minyoo fundo kweli, ila ni pale unapoijaza eneo zima kwa msimu karibu wote halafu ndo unapanda nyanya baadaye hapo hapo. Mbili za pembeni ni mapambo.

Kama una kivuli tu, usilazimishe zinia. Weka impeshensi, ile yenye mashina ya maji maji na maua bapa ya pinki na nyekundu. Hii ni ya kwetu, inaota yenyewe kwenye misitu yenye unyevu kuanzia Kenya mpaka Msumbiji, na ilipofika Uingereza kupitia kwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar wakati huo, mwaka 1882 iliandikwa vitabuni kama Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, siku hizi jina lake ni Impatiens walleriana. Mbegu zake ni vumbi, zinataka mwanga ndo ziote, kwa anayeanza bora uombe vikonyo kwa mtu, ukate urefu wa kidole, utoe majani ya chini, uvitie kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki mbili hivi vina mizizi.

Zikishaanza kuchanua kazi yako ni moja, kukata. Mmea wa msimu unatafuta kuacha mbegu tu, ukishaona mbegu zimekomaa unajifia, kwa hiyo kila ua likianza kukauka likate na kikonyo chake mpaka kwenye majani, sio kung'oa petali. Na za kuweka ndani kata bila huruma. Zinia ya kwenye chupa ijaribu kwanza, shika shina kama sentimita 20 chini ya ua utikise, ua likicheza cheza kama limelegea bado, likisimama kakamavu kata. Asubuhi mapema, majani yote yatakayozama kwenye maji toa, maji badilisha kila baada ya siku moja.

Mwezi mmoja kabla ya msimu kuisha chagua mimea yako miwili mitatu bora, ifunge uzi mwekundu ili mtu asiikate, uache maua yake yakauke kabisa mtini mpaka kichwa kiwe cha kahawia na kikonyo kikauke. Zinia ukivuta petali iliyokauka inatoka na mbegu bapa kama ncha ya mshale, marigodi ukifungua kile kikombe unakuta vijiti vyeusi vyenye mkia mweupe. Zile nyepesi zisizo na kitu ndani ukizibonyeza, tupa. Kama pakti yako ya mwanzo iliandikwa F1, yaani mbegu chotara, usitegemee watoto wafanane na mama, baadhi watakuwa wa ajabu, mi huwa nazipanda hivyo hivyo nione. Zianike kivulini wiki moja kwenye gazeti, tia kwenye bahasha ya kaki, andika jina, rangi na mwezi, bahasha iingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana pamoja na kiganja cha mchele mkavu wa kunyonya unyevu, maana hewa ya pwani inaua mbegu ukiziacha kabatini wazi. Mashina yaliyobaki kata usawa wa udongo, mizizi iozee humo humo, na kwenye hicho kitalu awamu ijayo usirudishie zinia, peleka marigodi.